Nakala ya Jumamosi

Jumatano, saa nane mchana

Mashine ya kukoboa mpunga ilinguruma mbele, na kwa ajili hiyo wakakaa nyuma. Ndani ya kile chumba cha magunia matupu na vumbi la pumba, mtu angeweza kuua na barabara ya Kibiti isisikie. Gharibu hakuihitaji kelele ile. Hakuwahi kupaza sauti. Miaka ishirini ya kangomba, kununua ufuta wa watu kwa siri kabla ya mnada, kwa bei ya mtu mwenye mgonjwa ndani, ilimfundisha kusema polepole na kusubiri.

Alichora kwa kijiti kwenye vumbi. Yadi ya ghala. Mizani. Geti. Barabara ya kuelekea Nyamisati. Mwisho wa mchoro akapindisha mstari kama nyoka: mkono wa mto unaoingia mikokoni, penye bandari bubu, ambapo boti mbili za Salale zingesubiri.

"Saa tisa maji yamejaa," alisema. "Saa kumi na moja pale ni tope tupu. Mzigo uwe majini kabla."

Walikuwa wanne. Gharibu, mwenye mchongo. Mshamu, dereva wa Fuso, Mmatumbi wa Ikwiriri, mwenye tasbihi kwenye kioo cha gari na matusi mdomoni. Muzdalifa, mwanamke wa mizani, mshika kadi ya geti. Na Mudathiri, fundi wa mifumo wa ghala lenyewe, mzaliwa wa Mloka, ameketi juu ya gunia na kompyuta mapajani.

"Fundi," Gharibu alisema, "waeleze wenzako. Kwa Kiswahili, siyo kikwenu cha kwenye mashine."

Mudathiri akaeleza. Karatasi ziliondolewa pale ghalani misimu miwili nyuma, kwa hotuba na pilau. Tangu hapo kila gunia lililoingia, kila gari lililotoka, kila picha ya kamera ya geti, viliandikwa kwenye seva. Seva zenyewe hakuna aliyeziona. Ziko kwenye wingu, wanasema, na wingu maana yake ni majumba ya watu wengine, nchi nyingine, kampuni imepanga humo kama wewe unavyopanga chumba Mbagala. Na kwa kuwa hata majumba huungua, kampuni ina kawaida. Kila mwaka inafanya zoezi la janga. Wanajifanya seva kuu imekufa. Fundi anailaza, kisha anasimamisha nakala iliyopigwa kabla, waone kama kazi inaendelea. Nakala ikisimama na fundi akaikubali, ile kuu inafutwa, inaandikwa upya kutokana na nakala.

"Sasa hapa ndipo penyewe," alisema. "Nakala inakumbuka mpaka pale ilipopigwa. Kilichotokea baada ya hapo, hakijatokea."

Mshamu akakuna kidevu. "Yaani Fuso inapita getini, kamera inaiona, mizani inaipima."

"Halafu haijapita."

"Ningekuwa na hiyo kitu nyumbani, nisingeachwa na wake wawili."

Muzdalifa hakucheka. Aliuliza magunia yakikosekana itakuwaje. Gharibu akamjibu kwamba yatakosekana siku ya kuhesabu, mwisho wa mwezi, na siku hiyo hakuna atakayejua yalitoka lini wala kwa mkono wa nani. Nakala itakuwa ya alfajiri ya Ijumaa. Zoezi lilikwisha kupangwa na meneja mwenyewe, Abdulkarimu: Ijumaa, wakati wa sala, kwa kuwa saa ile hakuna anayepima mzigo. Mshamu aliuliza kwa nini wasifanye usiku. Gharibu alimtazama kwa huruma ya dharau. Usiku, Kibiti? Tangu miaka ile ya hofu, ya watu kuuawa gizani, lori likipita usiku watu hufumbua macho gizani wakasikiliza linabadilisha gia wapi. Mchana wa Ijumaa dunia nzima iko msikitini.

"Sharti langu ni lilelile," Mudathiri alisema. "Mzigo wa kampuni. Ile safu ya kushoto. Gunia la mkulima lisiguswe."

"Una mkulima gani wewe?"

"Nina dada."

Dada yake aliitwa Subira. Msimu mzima alilala juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu katikati ya shamba, akipiga debe kufukuza tembo. Tembo hali ufuta. Anaukanyaga tu, akifuata mahindi ya jirani, na asubuhi unakuta shamba limelala kama mkeka. Subira alipiga debe mpaka viganja vikaota sugu. Wiki ile alikuwa ameleta magunia kumi na moja Kibiti, katika lori moja na wanawake wenzake wa Mloka, na meseji ya mapokezi alikuwa hajaipata. Hakuna aliyeipata wiki ile. Meneja alizizuia zote mpaka mzigo upangiwe daraja. Kwa hiyo magunia yale yalikuwa na shahidi mmoja tu duniani, nayo ni ile seva. Ndani yake mlikuwa na mwaka mzima wa watu saba wa nyumba ya Subira.

Gharibu aliweka mkono kifuani. "Wallahi, cha mkulima sigusi."

Mkono uleule ulionunua ufuta wa watu ukiwa bado na maua.

Mudathiri alimwamini kwa sababu alitaka kumwamini. Hasira humfanyia mtu hivyo. Yeye ndiye aliyekaa na ile mifumo misimu yote miwili, na yeye ndiye aliyeagizwa aweke ile amri ya unyevu: kila gunia likatwe kilo mbili, kiangazi na masika, liwe bichi au limekauka kama changarawe. Alizikata kilo hizo kwa vidole vyake. Kilo za watu ambao baba zao walitolewa bondeni, kwenye mashamba yao, wakaambiwa ni kwa faida yao. Wakaja watu wa kufuga kamba, wakasema ni kwa faida yao. Wakaja watu wa kuhifadhi mikoko, wakang'oa mpunga wao mbele ya watoto, ni kwa faida yao vilevile. Sasa wamekuja watu wa wingu. Delta ile haisahau, ila haijawahi kuulizwa inakumbuka nini.

Kuipiga kampuni, basi. Kumwibia mwizi. Hivyo ndivyo alivyojiambia, akafunga kompyuta yake.


Ijumaa, saa sita mchana

Makuli walipakia asubuhi. Waliambiwa mzigo unahamia banda la juu. Walipomaliza wakafunga turubai, wakanawa miguu, wakaenda zao msikitini.

Mudathiri alikuwa ofisini tangu saa mbili na hakuona likipakiwa gunia hata moja. Meneja Abdulkarimu alisimama mlangoni, kanzu nyeupe, udi mpaka kwenye ndevu. Akamtakia zoezi jema. Akasema siyo lazima aketi pale, anaweza kulisimamia akiwa popote, ndio uzuri wa wingu. Kisha akakohoa kidogo, kama ilivyo kawaida yake mwishoni mwa maneno, akaondoka.

Ni meneja yuleyule aliyekuwa akimhesabia fundi dakika za chai. Mudathiri hakujiuliza.


Saa sita na nusu

Adhana ilikuwa imekwisha. Sauti ya hotuba ilitoka msikitini ikapita juu ya mabati. Yadi tupu. Fuso likapanda mizani, likashuka, likasimama getini. Ndani walikaa watatu: Mshamu kwenye usukani, Gharibu katikati, Mudathiri dirishani.

Muzdalifa akagusisha kadi. Geti likaanza kujisogeza. Akaja upande wa Mudathiri, mkono mmoja umeshika mtandio usipeperuke.

"Fundi. Umeuangalia mzigo wenyewe?"

"Mshamu," Gharibu alisema, "twende."

"Namuuliza fundi."

"Na mimi nimemwambia dereva."

Fuso likatoka. Kwenye kioo cha pembeni Mudathiri alimwona Muzdalifa amesimama palepale, hakulifunga geti. Juu yake kamera ilikuwa imegeuka, imewatazama moja kwa moja. Iliona uso wake. Iache ione. Muda si mrefu itakuwa haijaona kitu.

Alifungua kompyuta, akaunganisha na simu. Akailaza seva kuu. Janga limetokea, ikaandikwa kwenye kioo, kwa herufi nyekundu. Mahali fulani, katika majumba ya watu, ghala la Kibiti lilikuwa limeungua.

"Umebaki mnara gani wa simu?" Gharibu aliuliza.

Mshamu akamjibu kwamba mnara wa mwisho uko pale barabara inapoanza kuteremka mikokoni. Ukishapita hapo, simu inabaki tochi.

"Umesikia, fundi. Kabla ya mnara."

Mudathiri aliinamia kioo. Alikuwa anatazama orodha ya nakala. Alishuka nayo chini, akapanda nayo juu. Akaanza tena.

"Nakala ya alfajiri haipo," alisema.

"Ipo ipi?"

"Ya Jumamosi."

"Tumia hiyo."

Alijibu upesi mno. Mtu asiyejua kitu huuliza kwanza.

"Mzee, Jumamosi mpaka leo ni wiki nzima. Kila gunia lililoingia humo litapotea kwenye mfumo."

"Ndiyo. Na tulichobeba nacho kitakuwa hakijaingia. Kama hakijaingia hakikuibiwa, na mwisho wa mwezi hesabu inakaa sawa." Gharibu alitabasamu kwa upande. "Nyie wasomi mnachelewa kuuona uzuri wa vitu vyenu."

Ikamwingia Mudathiri taratibu, kama maji ya baridi yanavyopanda mtu akiingia mtoni. Aliuliza mfumo nani ameifuta ile ya alfajiri. Mfumo ukamjibu bila kuficha: Abdulkarimu, usiku uliopita.

Simu ya Gharibu ikaita. "Naam, bosi," alisema. "Tuko njiani. Anaisimamisha sasa hivi. Hiyohiyo ya Jumamosi." Sauti ya upande wa pili ilisema neno, ikakohoa kidogo mwishoni.

"Nyuma kuna magunia ya nani?" Mudathiri aliuliza.

"Ya kampuni."

"Mzee Gharibu, nyuma kuna magunia ya nani?"

Bastola ilitoka kwenye koti bila haraka, ikalala juu ya paja la Gharibu, mdomo ukiutazama ubavu wa Mudathiri.

"Simamisha nakala, mwanangu. Mnara ukitupita hujamaliza, huna kazi tena kwenye gari hili."

Mshamu alitazama chini, akaiona ile bastola, akarudisha macho barabarani. "Hatukukubaliana chuma," alisema.

"Wewe endesha."

Mudathiri akaanza kuisimamisha. Vidole vilikuwa vizito. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo, ukasimama, ukatambaa. Akaomba mtandao ufe. Mtandao haukufa. Siku zote pale ulikuwa unakufa mtu akimpigia mkunga, leo ulikuwa mzima kama ng'ombe wa kuchinjwa.

Mstari ukajaa. Nakala imesimama. Chini yake vikatokea vitufe viwili. Kubali. Rudisha.

"Tayari?" Gharibu aliuliza.

"Bado inapanda."

Mbele, juu ya miti, mnara ulikuwa umekwisha kuonekana.


Saa saba na nusu

Walikuwa wamepanga kila kitu. Maji, mnara, kadi, turubai. Walichagua saa ya sala kwa kuwa watu wote wako msikitini. Kati ya wanne wale hakuna aliyekumbuka kwamba mtu akifa usiku wa kuamkia Ijumaa huswaliwa Ijumaa, na kwamba msikiti uliojaa ukishamaliza sala hutoka wote kwa pamoja, barabarani, na mtu mabegani. Waislamu wa pwani wanne. Walilisahau jambo wanalolijua tangu hawajaota meno, kwa sababu saa ile walikuwa wanaihesabu kama wezi.

Kona ilipofunguka, barabara ilikuwa nyeupe kwa kanzu. Jeneza lilikuwa katikati, limefunikwa shuka la kijani, likienda kwa mwendo wa watu wanaopokezana. Sauti zao zilipanda na kushuka pamoja. La ilaha illallah.

Mshamu akakanyaga breki. Akazima injini. Akavua kofia.

"Pita pembeni," Gharibu alisema.

"Hilo jeneza, mzee."

"Nina macho."

"Basi unaona kwamba nashuka."

Mshamu aliwahi kung'oa nguzo ya umeme na waya zake, akaiuza kwa aliyeisimamisha. Aliwahi kumwibia mkwewe. Lakini alifungua mlango, akashuka, akakimbia hatua za mtu anayewahi, akaingiza bega lake chini ya mti wa jeneza. Akapotea humo.

Watu waliokuwa nyuma wakainua macho kwenye Fuso. Wanaume wawili wamekaa ndani, jeneza linapita. Mzee mmoja wa ndevu za hina alikuja mpaka usawa wa dirisha. Hakukasirika. Aliona haya kwa niaba yao.

"Shukeni, wanangu. Bibi Habiba alikuwa mkunga. Huenda na nyie mlipita mkononi mwake."

Bastola ilikuwa imekwisha kuingia chini ya paja. Gharibu alimwitikia mzee kwa kichwa, akasema bila kusogeza midomo: "Ukishuka nakupiga."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Nakupiga."

"Piga," Mudathiri alisema, akafungua mlango.

Alishuka na kompyuta kwapani. Upepo wa njiani ulikuwa umelegeza kona ya turubai. Hakutaka kuangalia. Aliangalia.

Midomo ya magunia ilishonwa kwa vipande vya kanga. Ndivyo wanavyoshona Mloka, kila mwanamke kwa kanga yake kuukuu, wasije wakagombea mzigo njiani. Kulikuwa na nyekundu na nyeusi. Kulikuwa na bluu iliyofifia. Na kulikuwa na njano yenye korosho nyeusi pembeni, kanga ya marehemu mama yao, aliyofungiwa Mudathiri mgongoni miaka yote ya utoto wake. Subira alikuwa ameikata vipande. Hakumwambia.

Akaiweka kompyuta kwenye ngazi ya Fuso, akachutama mbele yake.

Kubali, na wiki nzima isahauliwe. Magunia haya hayajalimwa. Tembo hakupigiwa debe. Na yeye mwenyewe hakupita getini, hakukaa nyuma ya mashine, jina lake safi kama kanzu zile. Rudisha, na zoezi limeshindikana. Seva kuu inaamka na yote iliyoyaona kabla haijalazwa. Gari. Uzito. Kadi ya Muzdalifa. Mkono wa Abdulkarimu ukifuta. Uso wake dirishani.

Alibonyeza Rudisha.

Kisha akafungua foleni ya meseji zilizozuiwa, zote za wiki ile, akaziachia.

Kivuli kikaanguka juu ya kioo. Gharibu alikuwa ameshukia upande wa pili na kuzunguka, mkono ndani ya koti.

"Umefanya nini?"

"Zoezi limefeli."

"Mudathiri. Umefanya nini?"

"Kuu imeamka, mzee. Imekuona."

Kwa mara ya kwanza Mudathiri aliisikia sauti ya Gharibu ikipanda, kidogo tu, kama mlango mbovu. Aliisikia kwa mgongo, maana alikuwa amekwisha kuiacha kompyuta na kuingia katika watu. Mtu akampisha. Akaweka bega chini ya mti. Bibi Habiba hakuwa mzito.

Gharibu alitembea naye sambamba, koti limevimba upande mmoja. "Ukimaliza kumzika huyu, nakuzika wewe," alimnong'oneza. Kijana aliyekuwa mbele ya Mudathiri akadhani mzee anaomba zamu. Akamwachia nafasi. "Pokea, mzee," alisema.

Gharibu alirudi nyuma kana kwamba amepewa moto.

Funguo zilikuwa kwenye gari. Fuso likanguruma. Na kisha likapiga honi.

Honi. Nyuma ya jeneza.

Watu walitawanyika, wengine mpaka mtaroni. Jeneza likayumba, mikono ikalidaka. Fuso likapita likiwapaka vumbi kanzu zao za Ijumaa. Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama tu wakalitazama: namba, rangi ya turubai, bampa lililopinda upande wa kushoto, na mtu aliye kwenye usukani. Ile seva ya wingu ingeweza kufutwa mara mia. Barabara ile isingefutika.


Saa nane na nusu

Walimzika. Mudathiri alitupia udongo, akarudi nyuma. Simu ya mtu ikalia mfukoni, mlio mfupi wa meseji, na mwenyewe akaona haya akaizima. Ikalia nyingine. Kisha nyingine upande wa pili wa kaburi. Zikalia kama vyura baada ya mvua, huku na huku, na watu wakatazamana.

Dua ilipokwisha, mzee wa ndevu za hina akaitoa yake, akaiweka mbali na macho. "Umepokelewa ufuta, magunia manne," alisoma. "Haya. Wiki nzima nimewauliza."

"Mimi sita," alisema aliyeshika jembe.

Mwingine akasema matatu. Mwingine akaanza kucheka, akakumbuka yuko wapi.

Mshamu alikuwa amejitenga, amechutama, anachora chini kwa kidole. Hakumwangalia Mudathiri. "Umeuza mechi," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi umeniuza."

"Na wewe. Na Muzdalifa. Na mimi mwenyewe."

Mshamu akatema mate pembeni. Kisha akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya jirani, kwamba Gharibu hajui ile njia ya mikokoni. Pale chini ukishika kulia unazama. Ni yeye tu anayejua.

Mzee wa hina alikuwa amesimama juu yao, simu bado mkononi.

"Wanangu. Lile gari lenu lililotupigia honi, lilibeba nini?"

Mudathiri angeweza kunyamaza. Kazi yake ilikwisha.

"Ufuta wenu," alisema.

Waliokuwa na majembe hawakuyaweka chini. Walishuka nayo barabarani kwa mwendo uleule waliojia, bila kukimbia, bila kusemezana. Mshamu akainuka akawafuata. "Lile Fuso langu," alisema, kana kwamba kuna aliyeuliza.

Mudathiri alibaki na kaburi bichi. Baada ya muda mlio mmoja wa risasi ukatoka upande wa mikokoni. Ndege weupe wakaruka. Zikafuata sauti za watu wengi kwa pamoja. Kisha kimya, na kile kimya kilikuwa kirefu kuliko kelele.

Yule kijana aliyemwachia Gharibu zamu ndiye aliyerudi kwanza, mkono wa kanzu umelowa damu isiyokuwa yake. Alisema Fuso limezama mpaka ekseli, boti za Salale zimewaona zikaondoka tupu. Magunia makavu. Yule dereva aliyewafuata ana risasi ya paja, wamemfunga kitambaa, atapona. Mudathiri akamwuliza habari ya Gharibu. Kijana alikwenda kunawa mikono kwenye ndoo, akanawa sana.

Simu ya Mudathiri ikaita. Subira.

Mloka simu inataka upande juu ya kichuguu, na upepo ulikuwa ukivuma kwenye sauti yake. Alikuwa anacheka. Meseji imekuja, alisema, kumi na moja yote, hawakukata hata moja. Na Mwanabaraka imekuja, na Zuena imekuja, wamejaa hapo chini ya kichuguu wanamngoja ashuke wapande wao. Alijua tu mdogo wake hawezi kuwasahau.

Mudathiri akamwambia. Alimweleza yote, kuanzia mashine ya kukoboa, na hakujipunguzia. Upepo uliendelea kuvuma. Mbali barabarani gari la polisi lilikuwa linakuja likiwa limewasha taa mchana kweupe.

"Ulipokuwa umekaa nao," Subira alisema hatimaye, "ulijua magunia ni ya nani?"

"Nilijua ya kampuni, dada. Niliweka sharti. Ya kampuni tu."

Alimsikia akivuta pumzi.

"Kampuni ina shamba wapi, Mudathiri?"

Gari likasimama. Milango miwili ikafunguka. Alikuwa bado ameishikilia simu sikioni, na kwenye simu hapakuwa na mtu, upepo tu wa Mloka, walipomfunga pingu mkono wa kwanza.